Nilimgawia rafiki yangu vidonge vyangu vya hospitali, sasa mama yake ananiuliza mwanawe ana nini

Shikamoo anti,

Samahani barua itakuwa ndefu, nimeiandika na kuifuta mara nne na leo nimeamua nisiisome tena, nikimaliza natuma.

Mimi ni binti wa miaka 22, niko chuo mwaka wa tatu. Tangu nikiwa na miaka 17 niligundulika nina ADHD, yaani akili haitulii, nilikuwa naanza vitu kumi simalizi hata kimoja, nyumbani waliona ni uvivu na utundu tu mpaka mwalimu mmoja akamwambia mama anipeleke kwa daktari. Nikapimwa, nikaulizwa maswali mengi, nikaandikiwa vidonge vya methilifenideti, kimoja asubuhi kimoja mchana. Kwa kweli vimenisaidia. Sijawahi kulewa navyo wala kujisikia wa ajabu, nasoma kama watu wengine wanavyosoma basi.

Nina rafiki yangu tunakaa chumba kimoja tangu mwaka wa kwanza. Tunalingana urefu na hata sauti, watu wakaanza kutuita Mapacha, kwa hiyo humu nitamwita Pacha. Ndo mtu wangu wa karibu kuliko ndugu zangu wa damu, hilo nisikufiche.

Mwaka jana wiki ya mitihani tulikuwa na pepa mbili siku moja, na yeye alikuwa na sapu, yaani mtihani wa kurudia, ya muhula wa nyuma, akifeli tena anadisko, yaani anaondolewa chuo. Saa sita usiku nikamkuta amekaa sakafuni madesa, zile notisi za masomo, yamemzunguka analia, akaniambia Pacha nipe basi kimoja, wewe si vinakupa akili. Nikampa. Anti sikufikiria hata dakika moja, niliona kama kumgawia mtu dawa ya kichwa. Akakesha mpaka asubuhi, akafanya pepa zote mbili na akapasi. Alinikumbatia akasema nimemuokoa.

Basi kuanzia hapo kila mitihani ananiomba, afu ikawa tesiti, afu asaimenti, afu hata siku ya kawaida tu akisema leo nimechoka nipe nusu. Nikaanza kuruka kidonge changu cha mchana ili vitoshe kwa watu wawili. Mwezi mmoja viliniishia siku tisa kabla ya tarehe, nikamdanganya daktari kopo limeangukia kwenye ndoo ya maji. Aliniangalia tu akaandika kitu kwenye faili.

Hapo nikamwambia Pacha sasa basi, sikupi tena. Hakukasirika. Na hicho ndo kilichonitisha, hakukasirika hata kidogo. Wiki mbili baadaye nikajua kuna kaka wa mwaka wa nne anawauzia watu, wanamwita Dokta. Siku moja natafuta chaja nikafungua kale kakasha kake ka hedifoni nikakuta vidonge sita, rangi ya chungwa iliyofifia, havina ule mstari wa kukatia katikati kama vyangu, nilipokishika kimoja kikamomonyoka pembeni kama chaki kikaniachia vumbi kidoleni. Vyangu havifanyi hivyo.

Sasa hivi halali. Naamka saa tisa usiku namkuta anakopi madesa upya kwa kalamu za rangi nne, kurasa kumi na nne za mada moja, mwandiko mzuri kama kitabu, halafu pepa ikaja na swali la mada ile ile akaniambia alipofungua karatasi hakukumbuka hata pa kuanzia. Amekonda. Anachuna ngozi ya mdomo mpaka inatoa damu. Ijumaa iliyopita nilikuwa nimelala kitandani kwangu upande wa pili wa chumba nikaona mshipa wa shingo yake unavyopiga, nikamwambia twende zahanati, akanijibu acha kunikuzia mambo, mimi si teja, mateja ni wale wa sindano, hizi ni dawa za hospitali mbona wewe unakunywa kila siku? Anti sikuwa na jibu.

Nikajaribu kugusia kwa wenzetu darasani bila kumtaja mtu, wakacheka, wakasema kwani we hujui kila mtu anatumia?

Ila kinachoniua ni mama yake. Ananipigia kila Jumapili, ananiita mwanangu. Jumapili iliyopita akasema mwanangu mbona mwenzio simwelewi siku hizi, anaongea haraka haraka halafu anakata simu, anaumwa? Niambie, wewe ndo macho yangu huko. Nikamjibu hamna mama, ni mitihani tu. Nikakata simu nikaenda kujifungia chooni.

Nimwambie? Pacha aliwahi kusema huku anatabasamu kwamba siku ukimwambia mama na mimi nitasema nani alinianzishia, mpaka leo sijui alikuwa anatania. Je, chuo kikijua nitafukuzwa? Daktari akijua atanikatia dawa zangu? Na hili ndo swali langu la mwisho anti, ni mimi nimemharibu?

Pacha Mwingine

*

Marahaba mwanangu, Pacha Mwingine.

Barua yako nimeisoma jana usiku nikairudia leo asubuhi kabla sijagusa kalamu. Umenipa maswali manne lakini mimi naona mambo matatu yamefungwa kwenye fundo moja na ndiyo maana linakukaba. Kuna hofu ya rafiki yako kuumia. Kuna hofu ya wewe kujulikana. Na kuna huyu mama aliyekukabidhi macho yake, ambaye ulimdanganya kwa maneno matano na tangu siku hiyo hujapumua vizuri. Hofu hizi zote ni za kweli na hakuna ya kuionea aibu, ila nakuomba uzitenganishe, maana zikikaa pamoja ile ya pili inajivika nguo za ile ya kwanza. Ukijikuta unasema simwambii mama ili nisimsaliti Pacha, jiulize polepole ukiwa peke yako, ni Pacha ninayemlinda hapa au ni mimi? Sikuhukumu. Mtu akiwa na miaka 22 na anaogopa kufukuzwa chuo ana haki ya kujilinda, ila ni vizuri ajue anachofanya ni kujilinda.

Nianze na hilo swali lako la mwisho maana najua ndilo lililokufanya uandike. Umeliuliza kana kwamba jibu ni ndiyo au hapana. Ulimpa kidonge cha kwanza, hilo lilitokea na haliwezi kufutwa, na katika nchi nyingi kumpa mtu mwingine dawa ya aina hii uliyoandikiwa wewe ni kosa hata kama umempa bure, tena kwa upendo. Methilifenideti na amfetamini, dawa nyingine ya kuchangamsha ubongo, zimo kwenye mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 unaodhibiti dawa zinazogusa akili, ndiyo maana daktari aliandika kitu kwenye faili ulipomwambia habari ya ndoo. Lakini angalia na upande mwingine. Yule binti aliyekuwa sakafuni saa sita usiku alikuwa na sapu, alikuwa na woga wa kudisko, alikuwa anaamini wenzake wana akili inayotoka kwenye kopo na yeye hana. Hivyo vyote vilikuwepo kabla mkono wako haujanyooka. Na wewe ndiye uliyesema basi, wakati wengi wangeendelea kugawa au wangeanza kuuza. Sehemu yako ipo na ni yako, ila naona umejibebesha na ya kwake, na ya Dokta, na ya darasa zima linalocheka.

Sasa lile jibu ulilokosa. Aliposema ni dawa za hospitali mbona wewe unakunywa, alikuwa sahihi nusu, na nusu hiyo ndiyo inayowapoteza vijana wengi sana. Dawa hizi kweli ni za hospitali. Methilifenideti ilitengenezwa mwaka 1944, amfetamini ni ya zamani zaidi, ilitengenezwa Berlin mwaka 1887. Na kosa la kudhani kwamba kitu kikitoka kwa daktari basi hakina meno ni la zamani vilevile, maana mwaka 1937 magazeti ya Marekani yalishaandika habari za wanafunzi wa chuo wanaomeza amfetamini ili wakeshe wakisoma. Vita vya Pili vya Dunia wanajeshi wa Ujerumani waligawiwa vidonge vya methamfetamini vilivyoitwa Pervitin wasilale, na kufika 1941 serikali ile ile ikavibana kisheria baada ya kuona madhara. Kwa hiyo Pacha hajagundua njia ya mkato mpya, amepita palipopitwa na wengi.

Tofauti yako na yake haipo kwenye jina la dawa. Wewe ulipimwa kwanza, mara nyingi daktari anapima presha na mapigo ya moyo kabla hajaandika, anaanza na dozi ndogo, anapandisha taratibu, anakuuliza unalala vipi unakula vipi, na ukipungua uzito anakuwa wa kwanza kujua. Yeye anaanza na kidonge asichojua kina nini, anaongeza akiona hakimshiki, na wa kumuuliza usingizi hayupo, labda wewe. Dawa hizi zinaongeza dopamini na noradrenalini, kemikali zinazopeleka taarifa kwenye ubongo, na kokeini na amfetamini za mtaani zinagusa mlango ule ule, hata mirungi ipo kwenye ukoo huo. Moyo unakwenda mbio, presha inapanda, joto la mwili linapanda, njaa inakata, usingizi unakimbia. Zikiisha mwilini mtu anaanguka, anakuwa mzito, mwenye huzuni, mwenye hasira, anahitaji kingine ili arudi pale alipokuwa kabla hajaanza. Sasa huyo si wa sindano na wala sipendi kumwita teja, neno hilo linamfungia mtu mlango, ila mwili hauna habari na jina tunalojiita.

Kuna kitu kwenye barua yako nimekirudia mara nyingi, zile kurasa kumi na nne za rangi nne. Mwaka 2023 watafiti walichapisha utafiti ambao watu 40 wenye afya, wasio na ADHD, walipewa mafumbo magumu ya kupanga vitu kwenye begi lenye kikomo cha uzito, mara nyingine wakiwa wamemeza dawa hizi na mara nyingine wakiwa wamemeza kidonge kisicho na kitu. Walipokuwa na dawa walijituma zaidi, walitumia muda mrefu zaidi na kuhamisha vitu huku na huku mara nyingi zaidi, lakini majibu yao yakawa duni, na waliokuwa wazuri bila dawa wengine ndio walioshuka zaidi. Ukiniambia utafiti huo unafananaje nitakuonyesha madesa ya Pacha. Juhudi ilikuwepo, wino ulikuwepo, na alijisikia anasoma kweli, sio kwamba anakudanganya. Ila ubongo unapanga na kuhifadhi tulichosoma tukiwa tumelala, na usingizi ndicho kitu cha kwanza vidonge vinamnyang'anya. Ile mara ya kwanza alipasi, ndiyo, na ndiyo inayomfanya aamini mpaka leo. Hakuna anayehesabu pepa alizokwenda akiwa mtupu baada ya hapo.

Na hao waliosema kila mtu anatumia. Hili ni jambo linalojirudia kila mahali vijana wanapoulizwa, wanakadiria wenzao wanatumia kuliko ilivyo kweli. Anayetumia anaongea, anatamba, anaonekana saa tisa usiku taa inawaka. Asiyetumia kalala, hana stori. Halafu kijana akishaamini wote wanatumia, anaona yeye ndiye mshamba, na jambo likishaonekana la kawaida hofu ya madhara inapungua na matumizi yanaongezeka. Kwa hiyo siku mtu akikwambia tena kila mtu, muulize kwa upole, wewe unawajua wangapi kwa majina? Usiulize kwa kumshinda, uliza kwa kutaka kujua.

Haya, tuje kwenye ufanye nini, na hapa sitakuchagulia maana wewe ndiye utakayeishi na matokeo, mimi nitakuwa mbali.

Njia moja ni kuongea na Pacha mwenyewe kabla ya mtu yeyote. Najua umeshajaribu, lakini Ijumaa ile uliongea naye ukiwa na woga na yeye akiwa dawa bado iko mwilini, hapo hata malaika asingesikilizwa. Tafuta saa ametulia, ameshakula, hakuna pepa kesho. Usianze na vidonge. Usianze na unaharibika. Huko Marekani mwaka 1983 jiji la Los Angeles lilianzisha mpango mkubwa wa polisi kuingia madarasani kuwaambia watoto wakatae madawa, ukasambaa sana, na tafiti nyingi zilizokuja baadaye zikaona haukupunguza matumizi kwa kiasi cha maana. Kuhubiriwa hakumbadilishi mtu. Kuulizwa na mtu anayempenda wakati mwingine kunambadilisha. Muulize kinampa nini. Muulize kinamnyima nini. Mwambie ulichokiona kwa macho yako bila kukipa jina, niliona mshipa wa shingo yako kutoka kitandani kwangu nikaogopa utakufa nikikuangalia. Halafu mwambie na lako, mwambie mimi nilikosea kukupa, nakuomba radhi, na nilimdanganya daktari kwa ajili yetu sote wawili. Ukilisema hili wewe mwenyewe kwanza, ile kauli yake ya nitasema nani alinianzishia inapungua makali. Hatari ya njia hii ni kwamba anaweza kukukatalia, akahama chumba, akakufunga mlango, ukabaki huna hata macho ya kumwangalia. Hatari nyingine ni wewe kuongea naye leo, kesho, wiki ijayo, ukaridhika kwamba unafanya kitu wakati yeye anazidi kuzama.

Kuna jambo la lile kasha la hedifoni ambalo yeye lazima alijue hata kama mengine hataki kuyasikia. Kidonge kinachomomonyoka kama chaki, kisicho na mstari, kilichotoka kwa mtu na si duka la dawa, hakuna anayejua kina nini ndani, Dokta mwenyewe hajui. Marekani Oktoba 2022 mamlaka ya dawa ilitangaza upungufu wa moja ya dawa hizi za ADHD, na huko vidonge feki vinavyouzwa kwa jina la dawa hizo vimekutwa na methamfetamini, vingine na fentanili ambayo kipimo kidogo sana kinaua. Simaanishi hivi vya kwake vina hivyo. Namaanisha kuvitazama kwa macho hakutakwambia. Na akivichanganya na pombe ndiyo kabisa, maana dawa inamficha ulevi anaendelea kunywa akidhani yuko sawa.

Njia ya pili ni mama. Hapa nimekaa muda mrefu, mimi mwenyewe ni mzazi na upande wangu mmoja unataka kukwambia chukua simu sasa hivi. Ila sijui mama huyu akisikia anafanya nini. Kuna mama anasafiri usiku huo huo, anakuja kukaa na mwanawe kimya, anamshika mkono mpaka kwa daktari. Kuna mama anapiga kelele, anaita wajomba, anamtoa chuo, binti anarudi nyumbani na aibu na kutumia anaendelea kwa siri zaidi. Wewe umeongea naye kila Jumapili kwa miaka miwili na zaidi, unajua ni yupi kati ya hao. Umeandika kana kwamba una mawili tu, kumwaga kila kitu au kusema ni mitihani tu. Katikati pana nafasi. Unaweza kumwambia Pacha mama ameniuliza na sitamdanganya tena, nakupa mpaka Jumapili umwambie mwenyewe, ukitaka nitakaa pembeni yako. Unaweza kumwambia mama, mama ni kweli hayuko sawa, sina ruhusa ya kueleza yote lakini njoo umwone. Hilo la pili halimtaji mtu na halidanganyi mtu, ila ujue linafungua mlango, na mama akishaingia atauliza, na hutaweza kupanga ataishia wapi. Pacha ni mtu mzima, siri ya mwili wake ni yake, hilo nalo lina uzito. Lakini siri ya mtu mzima na siri ya mtu ambaye moyo wake unaonekana shingoni sizipimi kwa mizani moja, na wewe nadhani huzipimi hivyo, ndiyo maana ulijifungia chooni.

Chuo sina mengi ya kukwambia bila kujua sheria zake. Mara nyingi zahanati na mshauri nasaha wana wajibu wa kutunza siri ambao ofisi ya nidhamu haina, kwa hiyo kabla hujaeleza chochote uliza kwanza, nikikwambia jambo hili linaishia wapi? Una haki ya kuuliza hivyo na mtu wa kazi hiyo hatakushangaa. Usianzie ofisi ya nidhamu ukidhani ni ofisi ya msaada.

Njia ya kukaa kimya nayo ipo, siifichi, wengi huichagua na huwa inaonekana salama maana haihitaji uamuzi wa siku moja. Wewe umeikaa kwa miezi sasa na unajua ladha yake kuliko mimi.

Kitu kimoja tu ndicho sikuachii ukichague. Siku ukiona analalamika kifua kinauma, amezimia, mwili unachemka kama mwenye homa kali, anatetemeka au amepata degedege, au anaongea na watu wasiokuwepo na kudhani anafuatwa, siku hiyo usiwaze mama wala chuo wala urafiki. Ita msaada, mpeleke hospitali, beba na lile kasha, waambie amemeza nini bila kupunguza neno. Hivyo hivyo akianguka baada ya kuacha akaanza kusema bora nife. Kuacha dawa hizi arosto yake, yale mateso ya mwili baada ya kuacha, kwa kawaida haiui kama ya pombe inavyoweza, lakini huzuni yake inaweza kuwa nzito kupita kiasi, na mtu asiachwe peke yake nayo. Mpaka sasa hakuna dawa maalumu iliyothibitishwa ya kutibu uraibu wa vichangamshi kama hivi, kinachosaidia zaidi ni ushauri wa kitabibu na mipango ya kumtuza mtu kwa kila hatua anayokaa bila kutumia, na watu wanapona, tena wengi. Mwambie hilo pia, maana anayejiona si mgonjwa mara nyingi ndani yake anaogopa kwamba akikubali ni mgonjwa basi imeisha.

Nimekuacha wewe mwisho kwa sababu kwenye barua yako na wewe umejiweka mwisho. Unaruka kidonge cha mchana tangu lini? Hujaniambia kama ulirudi kwenye dozi yako. Ulikuwa na shida ya kweli, ukapata tiba ya kweli, ukaikata nusu umpe mwenzio, na hakuna aliyekuona unavyohangaika mchana. Uliuliza kama daktari atakukatia. Siwezi kukuahidi hatafanya hivyo, anaweza kubadilisha utaratibu, akakupa za wiki mbili badala ya mwezi, akataka nyumbani ajulikane mtu wa kukutunzia, au akakubadilishia aina ambayo ni ngumu zaidi kugawana. Zote hizo ni usumbufu na aibu kidogo. Lakini daktari anayedhani ulimeza vidonge vyote kumbe ulimeza nusu anakutibu mtu ambaye hayupo, na akipandisha dozi kwa makosa hayo utaumia wewe. Na yeye ndiye mtu pekee kwenye stori hii yote ambaye unaweza kumwambia kila kitu bila kumtaja Pacha hata kwa jina. Ukienda nenda na kopo lenyewe, mhesabie vilivyobaki mbele yake, anza na ile ndoo ya maji, mengine yatafuata.

Kopo liweke mahali penye kufuli kuanzia leo. Hata kama ameacha kukuomba.

Ukishaonana na daktari niandikie mwanangu, mistari miwili inatosha, na uniambie Pacha jana alilala saa ngapi.

Anti wako